Deki ya Grave Danger: ukiongeza pesa, nguvu inaongezeka wapi?

Grave Danger ni mojawapo ya deki tano za kuanzia Commander ambazo Wizards of the Coast waliwatolea wachezaji wa mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering mwishoni mwa 2022. Commander ni mtindo wa kucheza ambapo deki inaongozwa na kadi moja ya kiumbe, yaani kamanda. Ni kadi 100 za bluu na nyeusi, zimejaa mazombi, na kamanda ni Gisa and Geralf. Ilipotoka bei yake ilikuwa kama dola 25, na kwa bei hiyo haikuwa na aibu. Sol Ring, Arcane Signet na Command Tower, kadi za kutoa mana (nguvu ya kulipia kadi nyingine), zimo, na kazi ya kamanda inaeleweka hata na mgeni: akiingia mezani, kadi nne za juu ya deki yako zinakwenda kaburini, yaani kwenye rundo la kadi zilizotumika au kufa, kisha kila zamu yako unaweza kumcheza zombi mmoja kutoka huko huko, kwa kulipa mana yake kama kawaida.

Kabla ya kuifungulia pochi, piga hesabu. Commander hairuhusu nakala mbili za kadi moja, ukiacha ardhi za msingi, zile kadi za kawaida za kutoa mana. Kufikia zamu ya saba umeona kama kadi 14 kati ya 99 (kamanda anakaa kando), kwa hiyo kadi moja ya dola 50 itajitokeza katika mchezo mmoja hivi kati ya saba. Kwenye mitindo ya kadi 60, unakoruhusiwa nakala nne, nafasi ya kuona angalau moja kwa muda huo huo ni theluthi mbili. Huko pesa inaonekana mezani. Huku inabaki ndani ya deki.

Udhaifu halisi wa Grave Danger ni ardhi. Nyingi za rangi mbili zinaingia zikiwa zimelala, yaani hazitoi mana zamu hiyo. Deki ikiwa na ardhi 38 na kumi kati yake ni za namna hiyo, kuna uwezekano wa asilimia 72 kwamba angalau moja itakuwemo kati ya ardhi zako nne za kwanza. Ukilazimika kuishusha zamu ya nne, kamanda wa mana nne anaingia zamu ya tano. Hapa dola zako zinafanya kazi. Ardhi za rangi mbili kama Drowned Catacomb na Underground River ni dola chache kila moja, na Watery Grave iko kati ya dola 10 na 20. Toa ardhi, weka ardhi. Kosa la kawaida ni kutoa ardhi ili kupenyeza zombi mpya, halafu mtu analalamika kwamba hapati mana.

Zaidi ya hapo faida inakatika ghafla. Ardhi ya Underground Sea inauzwa mamia ya dola kwa sababu imo kwenye Reserved List, orodha ya 1996 ya kadi ambazo kampuni iliahidi kutozichapa tena. Lakini Watery Grave inatoa rangi zile zile, na ukitaka iingie ikiwa imesimama, yaani tayari kutoa mana, inakudai uhai 2. Commander unaanza na uhai 40. Mamia ya dola kuokoa uhai 2!

Kadi za bei ya soda ndizo zinazoibadilisha deki hii zaidi. Stitcher's Supplier, zombi wa mana moja, anapeleka kadi tatu kaburini akiingia na tatu nyingine akifa, ambacho ndicho Gisa and Geralf wanachotaka. Infernal Grasp inaua kiumbe yeyote kwa mana mbili, nawe unapoteza uhai 2. Ili kuzipa nafasi, punguza mazombi wa mana sita na kuendelea.

Phyrexian Altar, kadi ya kutoa viumbe kafara ili kupata mana, ni ghali, na peke yake hapa haina maana kubwa. Ukiwa pia na Gravecrawler, zombi anayeweza kuchezwa kutoka kaburini, na zombi mwingine mezani, unamtoa Gravecrawler kafara kupata mana nyeusi, unamrudisha kwa mana hiyo hiyo, na mzunguko hauna mwisho. Bado, ili mzunguko huo ukupe ushindi, unahitaji kadi kama Diregraf Captain, anayemtoa mpinzani uhai 1 kila zombi wako mwingine anapokufa. Usinunue kipande kimoja kama huna vingine.

Rhystic Study, ya kuvuta kadi zaidi, na Demonic Tutor, ya kutafuta kadi unayoitaka kwenye deki, kweli zinaongeza nguvu, ila zinabadilisha pia meza unayokaa. Zote zimo kwenye Game Changers, orodha ya kadi zenye nguvu ya kugeuza mchezo, katika mfumo wa madaraja ya nguvu ya deki za Commander ulioanza 2025: hata moja inakupeleka daraja la 3, na zaidi ya tatu zinakupeleka la 4, kukutana na watu waliojiandaa kwa hilo.

Kadi za kung'aa (foil) zina maandishi yale yale na nguvu ile ile. Kwa unyevu wa Dar au Mombasa zinajikunja, na kadi iliyopinda inajulikana hata ikiwa imelala kifudifudi, jambo ambalo mashindanoni ni kosa. Pakiti za kubahatisha nazo ziache. Nunua kadi moja moja. Na kama wenzako wanakubali, chapa kwanza nakala ya karatasi, iweke kwenye mfuko wa plastiki mbele ya ardhi ya msingi, ucheze nayo mara kadhaa kabla ya kulipa.