Sindano za ceftriaxone (Powercef) kwa mtoto mahututi: naipa nyota nne, na hii ndo sababu

Naandika kwa ajili ya mzazi aliyelazwa na mtoto sa hivi, ameona kichupa kimeandikwa ceftriaxone (antibaiotiki ya sindano, wengi tunaita Powercef hata kama ni ya kampuni nyingine), akaingia mtandaoni kusoma madhara yake na sasa hana usingizi. Mwanangu wa miaka 4 alichomwa hii dawa alipopata homa ya uti wa mgongo. Naipa nyota nne kati ya tano. Dawa yenyewe ingepata zote tano, moja nimeikata kwa jinsi tunavyopewa bila kuelezwa chochote.

Uzuri wake kwanza. Ni dawa ya siku nyingi, Roche ndo waliitoa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa jina la Rocephin, sa hivi viwanda kibao vinaitengeneza. Inapenya mpaka kwenye maji ya uti wa mgongo ambako dawa nyingi hazifiki vizuri, halafu inakaa mwilini muda mrefu kwahiyo mtoto anachomwa mara moja au mbili tu kwa siku, sio zile sindano za masaa ambazo mtoto akimwona nesi tu anaanza kulia upya. Wangu alifikishwa pale hajitambui, shingo imekakamaa, degedege haikatiki, na akaja kuamka akaomba uji. Yani jamani, kwa ugonjwa ule kukataa sindano kwa kuogopa madhara yanayotokea kwa nadra ni kumpoteza mtoto, naomba hili lieleweke kabla hujaendelea kusoma.

Sasa kilichotupata. Homa imeshashuka, mtoto anacheka, ghafla akaanza kushika tumbo upande wa kulia juu, pale chini ya mbavu, na kila akila anatapika. Akapigwa altrasaundi, majibu yakaja ana mawe kwenye mfuko wa nyongo, na ndugu wakaanza kuulizana upasuaji ni shilingi ngapi na nani atachangia. Ni mpaka alipokuja daktari bingwa wa watoto ndo tukaelezwa: sehemu ya hii dawa inatoka kwa mkojo na sehemu inatoka kwa nyongo, ikijaa kwenye mfuko wa nyongo inashikana na kalsiamu na kuganda, kwenye picha inaonekana kama mchanga au mawe kabisa. Inatokea zaidi kwa anayepewa dozi kubwa, na homa ya uti wa mgongo dozi yake ndo kubwa, inafika mg 100 kwa kila kilo ya mtoto kwa siku, na hasa kama mtoto hali vizuri na maji mwilini ni kidogo. Wengi hata hawasikii maumivu. Dawa ikishaachwa mara nyingi yanayeyuka yenyewe taratibu, hakuna kisu. Sisi tulibadilishiwa dawa nyingine kumalizia matibabu, tumbo likaacha kuuma, na picha ya baadae ikaonyesha mfuko safi.

Na hili madaktari wanalijua tangu miaka hiyo hiyo ya 1980! Sasa kwa nini mama anayekesha na mtoto asiambiwe sentensi moja tu, kwamba akilalamika tumbo hapa utuite? Manesi wa wodi ile ni wachache mno na wanafanya kazi ya kuumiza mgongo, siwalaumu wao, ila sentensi moja haimalizi muda wa mtu.

Baada ya hapo nilimuuliza yule dokta kila kitu, na kilichonishtua zaidi ni cha watoto wenye selimundu (sickle cell). Kwa nadra sana mwili unatengeneza kinga dhidi ya hii dawa, halafu siku nyingine akichomwa tena kinga ile inavunja chembe nyekundu za damu, inaweza kuanza ndani ya dakika au masaa tu. Mtoto anapauka ghafla, anahema, mgongo unauma, mkojo unakuwa rangi ya Coca-Cola. Vifo vimetokea. Hawa watoto wanaugua mara kwa mara na wengi wameshachomwa ceftriaxone zaidi ya mara moja, na Tanzania inakadiriwa wanazaliwa watoto kama 11,000 wenye selimundu kila mwaka, kwahiyo mzazi wa mtoto kama huyo mwambie nesi kabla hajavuta dawa kwenye bomba, na ukiona mkojo umebadilika piga kelele, usisubiri raundi ya asubuhi.

Kichanga ni habari nyingine kabisa. Wa chini ya siku 28 hatakiwi kupewa ceftriaxone kama anawekewa dripu yenye kalsiamu kama Ringer, vikikutana vinaganda hadi kwenye mapafu na figo, na mwaka 2007 Marekani walitoa onyo baada ya vichanga kufariki. Pia kama kichanga ana manjano haifai, inaweza kusukuma ile manjano ikafika kwenye ubongo. Ndo maana wao kwa kawaida wanaanziwa ampisilini na gentamisini, ambayo nayo inataka uangalizi wa figo na masikio.

Ikichomwa kwenye msuli inauma sana, wanaichanganya na dawa ya ganzi, na mchanganyiko huo haupiti kwenye mshipa hata siku moja. Kuharisha kidogo kupo, ila kukiwa na damu sema. Mzio pia, uvimbe wa uso au kupumua kwa shida, huo ni wa kukimbilia nesi hapo hapo.

Kinachoniuma ni watu mtaani wanaochomewa watoto hii dawa kwa mafua au homa ya siku moja bila kipimo. WHO wameiweka kwenye kundi la antibaiotiki za kutumia kwa uangalifu. Ukiizoesha kwa mafua, siku mtoto amezimia inaweza ikawa haifanyi kazi, na atakuwa amebeba hatari ya madhara bure.

Na kama kuna lolote limetokea, mwambie dokta ajaze fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), hata kama hana uhakika kwamba ni dawa. Ya kwetu ilijazwa, wakataka jina la kiwanda na namba ya bachi, kwahiyo kabla kichupa hakijatupwa kipige picha na simu.