Vipuri vya fremu ya F450 Nairobi: pima skrubu kwanza, mkono utafuata

Malalamiko ya wasomaji wenye DJI F450, droni ya mota nne, yamefanana hadi yanachosha. Droni ilianguka, mkono mmoja unaobeba mota ukavunjika, mwingine ukanunuliwa mjini na kufungwa kwa skrubu zilezile za zamani. Ikaruka vizuri wiki mbili tatu. Kisha siku moja, ikiwa juu, ESC (kifaa kinachoendesha mwendo wa mota) ikaungua, droni ikapinduka na kuja chini kama embe bivu, na lawama zote zikamwangukia muuzaji wa ESC. Mara nyingi ESC ya watu haina kosa. Kosa ni milimita moja ya skrubu ya mota.

Kwa hiyo habari za rangi na "mkono mgumu" tuziruke. Hizo muuzaji atakuimbia mwenyewe. Kitu ambacho mtaa mzima wa elektroniki wa Luthuli hakuna atakayekutajia ni unene wa kiti cha mota, yaani ile ncha ya mkono ambapo mota hukaa.

F450 hufungwa mota kwa skrubu za M3 (unene wa milimita 3) zenye urefu wa milimita 8, nne kwa kila mota. Urefu huo ulipangwa kulingana na mkono wa DJI. Mkono wa kunakili umetoka kwenye kalibu nyingine, na kiti chake kikipungua unene kwa milimita moja, milimita hiyo haipotei: inahamia ndani ya mota. Humo koili zimekaa karibu mno na matundu ya skrubu. Ncha ya skrubu inakwaruza vanishi ya waya wa shaba, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu mkwaruzo mmoja hauonyeshi dalili yoyote. Nailoni haipitishi umeme. Koili imegusa mwili wa mota, lakini umeme hauna pa kwenda, basi droni inaruka kama kawaida huku mtikisiko ukiendelea kula vanishi. Siku skrubu nyingine itakapofikia koili ya awamu tofauti, ni shoti, na ESC inaondoka nayo. Fremu ya kaboni haikupi hata muda huo wa neema, maana kaboni inapitisha umeme, na mota mbili zenye mikwaruzo zinaunganishwa na fremu yenyewe.

Kupima ni kazi ya dakika tano. Ingiza kijiti cha meno kwenye tundu la skrubu la mota, taratibu, mpaka kiguse koili. Weka alama kwa kucha, kitoe, upime. Toa milimita moja ya usalama. Kisha pima unene wa kiti cha mkono kwa kalipa, si kwa rula ya shule. Jumla ya vipimo hivyo viwili ndiyo urefu wa juu kabisa wa skrubu yako. Kwa upande wa chini, skrubu inatakiwa ishike angalau mizunguko mitano kamili ndani ya mota. Uzi wa M3 ni nusu milimita kwa mzunguko, kwa hiyo ni milimita 2.5. Ikishika chini ya hapo, itafunguka yenyewe kwa mtikisiko.

Ukishafunga, usiamini macho. Chomoa betri, chomoa mota kutoka kwenye ESC, weka multimita kwenye mlio, ncha moja ndani ya kichwa cha skrubu (kwaruza kidogo, rangi nyeusi ya skrubu huweza kuzuia umeme), nyingine kwenye kila waya wa mota. Ikilia hata mara moja, toa skrubu moja baada ya nyingine mpaka mlio ukome. Rudia kwa skrubu zote nne. Wanaopima moja na kuridhika ndio wanaorudi kulalamika.

Sasa mpangilio wenyewe wa nini cha kununua kwanza.

Namba moja: mkono wa DJI, hata uliotumika

Upendeleo huu hauna haja ya kufichwa. Mkono wa DJI, nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, ndio pekee ambao skrubu zako za zamani zinauingia bila hesabu mpya. Usitafute F450 tu. Mikono ya F550, ile ya mota sita, ni ileile, kwa hiyo mtu anayeuza F550 iliyokufa ana mikono sita ya kukufaa. F330 iache, mikono yake ni mifupi.

Ukinunua iliyotumika, chagua nyekundu au nyeusi. Si suala la urembo. Plastiki iliyokunjwa ikakaribia kuvunjika hutoa mstari mweupe, na kwenye mkono mweupe mstari huo unajificha. Angalia hasa shingoni, mahali mkono unapoachana na mabamba ya katikati ya fremu, na kuzunguka bushi za shaba nyeupe zenye uzi ndani. Bushi ikizunguka pamoja na skrubu, mkono huo umekwisha, na usikubali kuuziwa gundi kama tiba.

Mkono mpya uliokaa miaka stoo chini ya bati unaweza kuwa mkavu, na nailoni kavu hukatika kama biskuti. Uloweke kwenye maji ya moto saa kadhaa, uukaushe, ndipo uufunge.

Namba mbili: skrubu sahihi juu ya mkono wa kunakili uliokaguliwa

Mikono ya kunakili ndiyo iliyojaa mjini, na iko inayofaa. Nenda na mkono wako mmoja mzima, kalipa na mota moja. Shika shingo ya mkono wa duka kwa mkono mmoja, sukuma ncha kwa kidole gumba, kisha fanya hivyo kwa wako. Wa duka ukilegea zaidi, uache. Mkono laini huyumbisha mota, na kidhibiti cha zamani cha urukaji kama Naza kitahangaika na mtikisiko huo mpaka droni ianze kuzunguka yenyewe. Laza mkono juu ya kioo cha kaunta: kiti cha mota kisiwe kimeinama upande. Chungulia bushi zote kama zimesimama wima.

Usichanganye mkono mmoja wa kunakili na mitatu ya DJI bila kupima urefu wa viti vyote vinne kutoka mezani baada ya kufunga. Tofauti ya milimita moja inavumilika. Ikifika tatu, weka mikono miwili ya aina moja mbele na miwili ya aina nyingine nyuma, au badilisha yote.

Skrubu zenyewe ni safari nyingine. Fremu nzima inataka 24 za M2.5 zenye urefu wa milimita 6 kwa mabamba, na 16 za M3 kwa mota. Maduka ya nati na bolti ya Kirinyaga Road yamezoea vyuma vya matatu na malori, M2.5 huko ni bahati nasibu. Nenda kwa mafundi wa laptopu, kwa sababu M2.5 ni skrubu yao ya kila siku, na mkebe wa fundi huwa na urefu wa kila aina. Hatari ni moja: skrubu ya hard disk ya kompyuta ya mezani inafanana na M3 lakini ni nene zaidi na uzi wake ni wa inchi. Itaingia nusu, itang'ang'ana, na ukilazimisha itafuta uzi wa mota. Skrubu ikikataa kuingia kwa vidole mizunguko miwili ya kwanza, si yako.

Namba tatu: bamba la chini

Hili si bamba tu, ndilo linalogawa umeme wa betri kwenda kwa ESC nne. La DJI likiwa limepasuka kona bila kugusa njia za shaba, libakize. La kunakili lipime kwa multimita kati ya chanya na hasi kabla ya kusolda chochote. Likilia, rudisha palepale ukiwa bado kaunta.

Mkono wa printa ya 3D

Kwa miguu ya kutua, sawa. Kwa mkono wenye mota, hapana. PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizo, huanza kulainika karibu nyuzi 60 za Selsiasi, na gari lililoachwa juani linaweza kukaribia hapo. PETG, plastiki nyingine ya printa, ni afadhali, ila ili iwe ngumu vya kutosha lazima iwe nzito. Fremu nzima ya F450 ina gramu 282, na DJI waliiwekea uzito wa kurukia usiozidi gramu 1,600. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya sita, kwa hiyo hesabu yako ya hapa iwe 1,350 hivi. Gramu za plastiki zitatolewa kwenye betri.

Mkono wa alumini wa mafundi wa jua kali

Ukipinda haukunjuki.

Wenye Phantom 3, droni nyingine ya DJI, nao huuliza. Kwao ganda ndilo fremu, na nyufa huanza kwenye skrubu za mota kwa kukaza kupita kiasi. Ganda la Standard na la Professional si moja: Professional ina vitambuzi tumboni, Standard haina. Muuzaji anayesema "inaingia zote" hajawahi kufungua hata moja.

Ukiagiza nje, kanuni za 2020 zinataka kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kabla ya kuingiza droni nchini, basi waulize kuhusu vipuri vyako kabla ya kulipa. KRA nao huhesabu ushuru juu ya bei pamoja na nauli na bima, kisha VAT ya asilimia 16 juu yake. Mkono mmoja ulioagizwa peke yake ni hasara tupu; agiza minne.

Na hapa mjini? Wanaotaka mkono mmoja wanauziwa seti nzima, mikono minne na mabamba mawili, eti "hatuvunji pakiti." Pakiti hiyohiyo hairuhusiwi kufunguliwa ikaguliwe, na ikishafunguliwa hairudishwi. Tangazo limebandikwa picha ya kiwandani, neno orijino kwa herufi kubwa, na bei ni "njoo inbox," ambako hubadilika kulingana na jinsi ulivyosalimia. Ukifika huko inbox, usiulize bei kwanza. Omba picha ya kalipa ikiwa imebana kiti cha mota, namba ikisomeka. Wengi hunyamaza hapo. Anayeituma, hata akiwa ghali kidogo, mpigie.