Mashine ya kupima sukari nyumbani: miezi saba tangu nimnunulie mama

Naandika hii kwa yeyote ambaye mzazi wake ana sukari isiyoshuka na kila akienda kliniki anaongezewa dozi tu anarudi nyumbani. Mama yangu ana miaka 66, kisukari aina ya pili tangu 2011, presha ipo, magoti yanamsumbua, na mwaka jana tukaambiwa figo nazo zimeanza kuchoka. Kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kilitoka asilimia 11.4. Insulini ilishaongezwa mara tatu na wapi.

Mashine nilinunua duka la dawa hapa Tanga kwa elfu 45, jina la kampuni naliacha maana nayosema yanahusu mashine hizi karibu zote. Jamani usiulize bei ya mashine, uliza bei ya stripu, vile vijiti vya kuwekea tone la damu! Kopo la 50 nanunua elfu 32, na ukipima mara mbili kwa siku mwezi hauishi limekwisha. Halafu ulizia maduka mawili matatu kama wanazo kabla hujalipa, kuna mashine rahisi sana ila stripu zake unazunguka mji mzima huzioni. Ukitoa moja funga kopo saa hiyohiyo, unyevu unaziua na huku kwetu pwani hewa yenyewe ina maji.

Usahihi sio wa maabara, maabara ikisema 10 hii inaweza kusema 9 au 11, hiyo kawaida. Ila mikono ioshwe. Siku moja imesoma 19.4 nikataka kukodi bajaji twende hospitali, kumbe mama ametoka kumenya embe, akanawa kwa sabuni akajifuta tukarudia, 11.2.

Sasa kilichotuokoa ni mashine pamoja na daftari. Niliandika kila siku, asubuhi kabla hajala na masaa mawili baada ya chakula, na pembeni naandika amekula nini. Ugali uleule, sahani ileile, leo 9 kesho 18. Nesi wa kliniki akafungua kurasa akasoma kimya, nikajua sasa tunasemwa kuhusu chakula, akasema tu, "Mama hebu nionyeshe unapochoma sindano." Akapapasa tumbo pembeni ya kitovu. Akaniambia na mimi niweke mkono. Kulikuwa na uvimbe mbili, kila upande mmoja, kama ndimu iliyozama chini ya ngozi, ukibonyeza inarudi kama mpira. Mama akasema, "Hapo hapaumi mwanangu, ndio maana napapenda." Miaka yote anachoma palepale! Nesi akatueleza kwamba insulini ikiingia kwenye uvimbe ule hainyonywi inavyotakiwa, leo inafanya kazi kesho haifanyi. Kwa hiyo tunahamahama sasa, tumbo upande huu, upande ule, mapaja, na sindano ni mpya kila mara. Ila msihame na dozi ileile bila kumuuliza dokta, sehemu isiyo na uvimbe inanyonya vizuri na sukari inaweza kuanguka. Ya mama ilipunguzwa siku hiyohiyo.

Na bado sukari ilianguka. Saa nane usiku namsikia anahangaika kitandani, nguo imelowa jasho. Hatetemeki hata kidogo, anatumia dawa ya presha ambayo inaficha mtetemo na moyo kwenda mbio, dokta alishatuonya kuwa kwake dalili itakuwa jasho. Napima, 3.1. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, robo saa napima tena 4.6, nikampa mkate. Figo zikichoka insulini inakaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo dozi ikapunguzwa tena. Usiku ule bila mashine ningedhani ni joto tu.

Kingine daftari lilichokamata ni magoti. Zahanati moja walimchoma sindano ya goti, siku nne zilizofuata zikawa 20 na kitu, na hakuna aliyetuambia kwamba zile sindano za steroidi zinapandisha sukari. Nilikasirika kweli. Na diklofenaki, dawa ya maumivu aliyokuwa ananunua mwenyewe dukani, dokta wa kliniki kaikataza kabisa kwa sababu ya figo, anatumia panado na kuchua.

Ubaya wa mashine: kioo hakina taa, usiku namulika na simu, na tarehe inajifuta ukibadilisha betri. Vidole vinauma pia, mtoboe pembeni ya kidole sio katikati.

Mwezi uliopita HbA1c imetoka 8.1. Nikauliza mbona sio 7 kama wanavyosema, dokta akajibu kwa umri wake na figo zile kung'ang'ania 7 ni kumtafutia sukari kuanguka, 8 inamtosha. Natoa nyota nne, ile ya tano naizuia kwa sababu ya bei ya stripu, kopo la sasa zimebaki 9 na mwisho wa mwezi bado.