Mwaka mmoja na mkono wa kushikia kamera katika upasuaji wa kizazi

Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake hapa Mbeya, na kwa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikitumia mkono wa mashine unaoshika kamera wakati wa upasuaji wa matundu madogo. Mkono huo hufungwa kwenye reli ya kitanda. Ninavaa mkanda kichwani, ninageuza kichwa kuelekea upande ninaotaka kuuona, kisha ninakanyaga pedeli ndipo kamera inaposogea, na nikiinua mguu inatulia palepale. Wazo lenyewe si geni, kwani mkono wa jamii hii uitwao AESOP uliidhinishwa Marekani mwaka 1994.

Kilichonigusa zaidi ni utulivu wa picha. Anayepasua kwa njia hii huona kile tu anachoonyeshwa na mshika kamera, na hata daktari kijana mwenye bidii, akisimama saa mbili tukitoa uvimbe kwenye kizazi, mkono wake huchoka, picha ikaanza kuyumba na kulalia upande mmoja bila mwenyewe kujua. Nilikuwa nikisema "rudi kidogo, panda juu" hata mtiririko wa kushona ukanipotea. Sasa ninashona ukuta wa kizazi nikiwa nimeisogelea sindano kwa kadiri ninayotaka, naye msaidizi amebaki na kazi yenye faida kubwa zaidi kwa mgonjwa, yaani kukielekeza kizazi kwa kifaa kinachopitishwa ukeni.

Yapo yanayosumbua. Pedeli ya mkono huo ilikaa jirani na ile ya daiathemi, kifaa cha umeme cha kukata nyama na kuzuia damu, na wiki za mwanzo nililazimika kutazama miguu yangu kila mara, mpaka nilipoomba moja iwekwe kushoto na nyingine kulia. Tena mkono hausafishi lenzi: Juni na Julai, baridi yetu inapopenya hadi chumba cha upasuaji, lenzi hupata ukungu mara tu inapokutana na joto la tumbo, hivyo bado tunaichomoa, tunaipasha katika maji moto yaliyotakaswa na kuifuta. Damu ikiruka ghafla, ninamwomba msaidizi aishike kamera mwenyewe, kwa kuwa mkono huenda polepole.

Kwa upasuaji mfupi, kama wa kufunga mirija, siufungi mkono huo kabisa, kwa sababu muda wa kuuandaa unakaribia muda wa kazi yenyewe. Hapo kamera ninawaachia madaktari walio katika mafunzo, maana kwa kuishika ndipo wanapojifunza kuisoma nyonga.