Moodle chuoni: mfumo mzuri, ila mipangilio yake ibadilisheni mapema

Moodle ni mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaitumia, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania vilevile, na MUELE, jukwaa la masomo mtandaoni la Chuo Kikuu cha Makerere, imejengwa juu yake. Moodle ilitoka toleo lake la kwanza mwaka 2002, kazi ya Martin Dougiamas wa Perth, Australia, na hadi leo ni programu huria: chuo hakilipi leseni, na wanafunzi wakiongezeka kutoka 2,000 hadi 20,000 hakuna ankara ya leseni inayopanda. Kwa chuo cha umma chenye bajeti ya kubana, hoja hiyo pekee inaiweka mbele ya Canvas na Blackboard, mifumo mingine ya aina hii, ambazo bei yake kwa kawaida hufuata idadi ya wanafunzi.

Tunaipendekeza bila kusita. Tatizo lake ni kwamba mipangilio inayokuja nayo haikupimwa kwa darasa la wanafunzi 600 wanaosoma kwa simu na bando la wiki. Chuo kikiiwasha jinsi ilivyo, semista ya kwanza lawama zitaushukia mfumo, wakati kosa liko kwenye vitufe vitano au sita ambavyo hakuna aliyevigusa.

Kaanzeni na majina ya kuingilia, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama siku ya kwanza. Namba za usajili za vyuo vingi zina mikwaju, mfano BAED/2023/00417. Moodle kwa kawaida haikubali mkwaju kwenye jina la mtumiaji. Inakubali herufi ndogo, tarakimu, nukta, kistari, mstari wa chini na alama ya @. Ukipakia orodha ya CSV (faili la maandishi lenye safu zilizotenganishwa kwa mkato) huku kipengele cha kusawazisha majina kikiwa kimewashwa, mfumo hautalalamika. Utaondoa mikwaju kimyakimya, na mwanafunzi atakuwa ameandikishwa kama baed202300417. Yeye anaandika namba yake kama ilivyo kwenye kitambulisho, anakataliwa, na dawati la TEHAMA linapata foleni hadi mlangoni. Dawa yake ni kuamua mapema: kwenye safu ya username badilisheni mkwaju uwe kistari (baed-2023-00417), kisha kwenye safu ya idnumber wekeni namba kamili yenye mikwaju. Hiyo ya pili msiiache wazi, maana ndiyo itakayooanisha alama na mfumo wa ofisi ya msajili mwisho wa semista. Na faili hilo msilihariri kwenye Excel bila kuifanya safu iwe maandishi, la sivyo namba za tarakimu tupu hupoteza sifuri za mwanzo.

Linalofuata ni saa. Mhadhiri akiunda kazi ya kukusanya, Moodle humwekea tarehe ya mwisho wiki moja mbele, saa 00:00. Tuseme imesomeka tarehe 15, 12:00 AM. Mwanafunzi anasoma "tarehe 15, saa sita usiku" na kudhani ana siku nzima ya tarehe 15. Mfumo unamaanisha usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani anapoamka asubuhi muda umeshapita. Nusu darasa linaonekana limechelewa, na kila mmoja ana haki ya kulalamika. Wahadhiri wafundishwe kuweka 23:59, na kwenye maelekezo waandike kwa maneno: "mwisho Jumatano saa 5:59 usiku". Hakikisheni pia ukanda wa saa wa mfumo ni Africa/Dar_es_Salaam, au Nairobi au Kampala kwa mahali mlipo. Seva nyingi za kukodi huja na saa ya UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu.

Kwenye ukurasa huohuo kuna mtego wa rasimu. Kikiwashwa kipengele kinachomtaka mwanafunzi abofye kitufe cha kuwasilisha, faili aliyoipakia hubaki rasimu mpaka abofye. Wengi hupakia, wanaona jina la faili kwenye skrini, wanafunga simu. Kwa madarasa ya mwaka wa kwanza kizimeni.

Sasa majaribio ya mtandaoni, ambayo ndiyo huamua kama chuo kitaupenda mfumo au kitauchukia. Kanuni ya kukadiria inayotolewa na watu wa Moodle wenyewe ni watumiaji 10 hadi 20 wa wakati mmoja kwa kila GB 1 ya RAM ya seva. Darasa la 300 likibofya "anza" saa 2:00 kamili asubuhi linahitaji kati ya GB 15 na 30. Seva ya GB 8 iliyokuwa ikitembea vizuri semista nzima italala dakika hiyo, kwa sababu siku za kawaida hao 300 hawakuwahi kuingia pamoja. Kabla ya kununua seva kubwa zaidi, jaribuni haya: gawanyeni darasa katika makundi ya 100 na kila kundi lipewe muda wake wa kuanza, mkipishanisha dakika 15, maswali yachotwe kwa nasibu kutoka benki ya maswali ili kundi la kwanza lisiwapelekee wenzao karatasi, na kumbukumbu za watumiaji walioingia zihamishiwe Redis (programu inayotunza data kwenye RAM) zisiibebeshe hifadhidata mzigo. Mpangilio wa kawaida huweka swali moja kwa kila ukurasa, kwa hiyo maswali 40 ni safari 40 za kwenda seva kwa kila mwanafunzi. Maswali 5 kwa ukurasa hupunguza safari hadi 8.

Mwanafunzi anayeogopa mtandao kukatika aelezwe kinachotokea. Majibu hujihifadhi yenyewe takriban kila dakika moja. Mtandao ukikatika linatokea onyo juu ya ukurasa kwamba kuhifadhi kumeshindikana. Hapo asifunge ukurasa wala asiuburudishe. Aandike pembeni majibu ya dakika za mwisho, arudishe mtandao, kisha aendelee. Muda wa jaribio hausimami kumsubiri, kwa hiyo ni haki mhadhiri kuongeza dakika 10 juu ya muda halisi wa kazi.

Kuingiza maswali kuna njia rahisi ambayo wahadhiri wengi hawaijui. Mtindo wa Aiken ni faili la maandishi matupu: swali kwenye mstari mmoja, chaguo zinaanza na A. B. C. D., kila moja na mstari wake, na chini kabisa ANSWER: B. Maswali 100 yanaingia kwa mbofyo mmoja. Likikataa, sababu huwa mojawapo ya hizi: swali limevunjika mistari miwili, neno ANSWER limeandikwa kwa herufi ndogo, au faili limehifadhiwa kama hati ya Word badala ya maandishi ya UTF-8.

Daftari la alama linastahili onyo kali kuliko yote, kwa sababu kosa lake halionekani. Kwa kawaida Moodle haihesabu nafasi iliyo wazi. Mwanafunzi aliyepata 18 kati ya 20 kwenye jaribio la kwanza na asifanye kabisa la pili ataonekana ana asilimia 90, sawa na aliyefanya yote mawili akapata 36 kati ya 40. Ama zimeni kipengele cha kupuuza nafasi wazi, au mhadhiri aweke sifuri kwa wote ambao hawakufanya kabla hajapeleka matokeo. Pia alama hujumlishwa kwa ukubwa wake: insha ya 100 huimeza kwiz ya 10 mara kumi. Kama alama za semista ni 40, wekeni viwango vyenyewe tangu mwanzo, mfano majaribio mawili ya 15 na kazi moja ya 10, na jumla itajitokeza bila hesabu za pembeni.

Kuhusu bando, chuo kina uwezo wa kuwaonea wanafunzi wake huruma au kuwakamua. Mhadhara wa saa moja kwa video ya Mbps 1 ni MB 450. Mhadhara uleule ukiwa sauti tupu ya kbps 32 ni MB 14.4, na ukiuambatanisha na slaidi za PDF, anayesoma Songea au Kitale anapata karibu kila kitu. App ya Moodle humwezesha kupakua maudhui akiwa kwenye Wi-Fi ya chuo na kuyasoma nyumbani. Hata kwiz inaweza kufanywa nje ya mtandao na kutumwa baadaye, ilimradi isiwe na ukomo wa dakika, kwa hiyo itumieni kwa mazoezi, si kwa mtihani. Kwa upande wa kupakia, PHP, lugha ambayo Moodle imeandikwa, huja na ukomo wa MB 2 kwa faili, na Nginx, programu ya seva ya wavuti, MB 1. Picha moja ya karatasi iliyopigwa kwa simu inazidi hapo. Pandisheni kote kuwili, pamoja na post_max_size (ukomo wa PHP kwa kila kinachotumwa kwa mkupuo), kwa sababu ukomo ulio mdogo kuliko yote ndio unaotawala.

Mengine ni kazi za fundi. Cron, yaani kazi za ratiba zinazojiendesha kwenye seva, iendeshwe kila dakika; ikisimama, barua pepe za jukwaa la majadiliano hazitoki na majaribio yaliyokwisha muda hayajifungi. Jukwaa la darasa la watu 400 hutuma barua karibu 400 kwa kila ujumbe mmoja, hivyo wekeni muhtasari wa siku. Nakala rudufu ni ya vitu vitatu pamoja: hifadhidata, folda ya moodledata (mafaili yaliyopakiwa) na msimbo wa Moodle yenyewe. Hifadhidata peke yake itarudisha alama bila kazi zilizokusanywa. Matoleo mapya hutoka Aprili na Oktoba. Kaeni kwenye toleo la usaidizi wa muda mrefu kama 4.5 la Oktoba 2024, na sasisheni wakati wa likizo. Kiswahili kimo, ingawa baadhi ya menyu bado zinatokea kwa Kiingereza.

Nani asiichukue? Chuo kidogo cha wanafunzi 200 kisicho na mtu wa seva. Hicho Google Classroom inakitosha kwa kugawa kazi na kuzirudisha, ingawa kwenye benki ya maswali na daftari la alama haiifikii Moodle. Chuo kinachoichukua kiajiri angalau watu wawili, mmoja wa seva na mmoja wa kukaa na wahadhiri ofisini kwao, kozi kwa kozi. Wiki mbili kabla ya jaribio la kwanza, darasa zima lifanye kwiz ya maswali matatu isiyo na alama, saa ileile na kwa simu zilezile watakazotumia siku yenyewe.