Kabla Hujalipia Konokono wa Kula Mwani, Mlaze Chali

Nilinunua konokono 20 wa aina ya Astraea kwa mkupuo mmoja, wanisafishie mwani kwenye tangi langu la matumbawe, nikajiona nimemaliza kazi. Baada ya wiki sita walikuwa wamebaki watatu, na mwani umeota hadi kwenye mdomo wa pampu. Hawakufa njaa. Walikufa chali.

Wauzaji hawalisemi hili, basi nalisema mimi. Astraea ana gamba la umbo la piramidi, zito kuliko nguvu zake. Akidondoka kutoka kwenye kioo akatua mchangani mgongo chini, hajigeuzi. Utaona mguu unatoka, unajinyoosha, unapapasa huku na huku ukitafuta jiwe la kushika. Haulipati, unarudi ndani. Baada ya muda unaanza tena. Nilimtazama mmoja nusu saa nzima kabla sijamhurumia. Kaa wakimwahi, ni kitoweo. Wasipomwahi anaoza, amonia inapanda, bakteria wanaigeuza kuwa naitreti, na naitreti ni mbolea ya mwani ule ule aliyeletwa kuula. Kila asubuhi nilikuwa nazamisha mkono hadi kwapani kuwageuza walioanguka usiku. Nikasafiri siku nne. Niliporudi, harufu ndiyo iliyonipokea mlangoni.

Kwa hiyo sitazungumzia rangi, wala hesabu ya konokono wangapi kwa lita ngapi. Swali langu ni moja: akianguka, anainuka?

Wa kwanza ni Trochus, na wa pili yuko mbali nyuma yake. Mguu wake una nguvu. Mlaze chali, atajipinda, ashike mchanga, ajigeuze, aendelee na safari. Anasafisha kioo na mawe, anavumilia joto la nyuzi 25 au 26 tunaloweka kwenye matangi ya matumbawe, na mara nyingine huzaana humo humo. Siku moja unakuta watoto kioni, wadogo kama punje ya mtama, bila kulipa chochote.

Wa pili ni Turbo mkubwa wa Meksiko. Kwa kula hana mpinzani: sehemu iliyofunikwa na mwani wa nywele anaiacha jiwe tupu. Lakini ni tingatinga. Kipande cha tumbawe ambacho hukukibandika vizuri, kesho utakiokota chini. Tena kwao ni Ghuba ya California, ambako maji hupoa sana majira ya baridi, kwa hiyo wengi hawadumu kwenye tangi lenye joto mwaka mzima.

Wa tatu ni Astraea, kwa mtu ambaye yupo nyumbani kila siku na hachoki kuokota.

Wale wa bei nafuu, Cerith na Nerite: Cerith anachimba mchanga vizuri, Nerite anatapakaza mayai meupe kila mahali na kutoroka nje ya maji. Basi.

Margarita usimchukue hata ukipewa bure. Ni konokono wa bahari baridi ya Amerika Kaskazini. Kumtia kwenye tangi la kitropiki ni kumchemsha polepole, na bado anauzwa kama "mlaji mwani wa matumbawe". Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Halafu kuna vile vifurushi vya "kikosi cha usafi": konokono 30, kaa 20, bei moja, na huambiwi ni aina gani. Ukiuliza unajibiwa Trochus. Ukifika nyumbani unakuta Astraea.

Usibishane na muuzaji, mpindue konokono. Akijifungia ndani, tazama kifuniko cha mlango wake. Kikiwa cheupe na kigumu kama kijiwe, huyo ni Astraea au Turbo. Kikiwa chembamba, cha kahawia, kama ukucha, huyo ndiye Trochus. Muuzaji anaweza kubadilisha jina kwenye kibandiko, kifuniko hawezi.

Kitu kingine kimoja nitakachokutuma ununue ni kipimo cha fosfeti, chakula kingine cha mwani, na hapa nina upendeleo na siufichi: kile cha kampuni ya Hanna, modeli HI774. Vile vya kulinganisha rangi vinakutaka utofautishe samawati hafifu na samawati hafifu zaidi, wakati tofauti ya miligramu 0.03 na 0.10 kwa lita ndiyo kila kitu. Hanna anapitisha mwanga kwenye kichupa na kukupa namba. Kifute kichupa kwanza. Alama ya kidole inatosha kuiharibu. Na ukisoma namba ndogo huku mawe yana nywele ndefu, usishangilie: fosfeti imeshaliwa na mwani. Ung'oe kwa mkono kwanza, konokono wengi hawagusi nywele ndefu, wanapenda chipukizi. Ukiwa na matawi kama manyoya ya ndege, hiyo ni Bryopsis, na hakuna konokono wa kutegemea hapo.

Wiki iliyopita nilikwenda kuongeza Trochus watano. Nikamwomba muuzaji amlaze mmoja chali kwenye sinia tungoje kidogo. Akasema hana muda wa michezo. Nikainama mwenyewe, nikatazama kifuniko: cheupe, kigumu. Nikamrudisha majini, mdomo wa gamba ukiwa chini, nikaondoka na ndoo yangu tupu.