Uzoefu wangu na geji ya AEM X-Series kwenye daino: namba ni nzuri, ukiifunga vizuri

Geji hii ya milimita 52 (namba 30-0300), inayopima uwiano wa hewa na mafuta kwenye moshi wa ekzosi, inakuja na sensa ya Bosch LSU 4.9, na kwa kutuni injini ya petroli sioni sababu ya kulipa zaidi. Lakini niseme mapema: lawama nyingi za "geji inadanganya" si za geji. Ni za mahali sensa ilipochomelewa, na za waya wa hasi.

Kuna wanaouliza, daino (mashine ya roli ya kupimia nguvu ya gari) si ina kipimo chake? Inacho, mara nyingi ni kijibomba kinachochomekwa nyuma ya ekzosi na kuvuta moshi hadi kwenye sensa yao. Kinafaa kwa gari ambalo mwenyewe hataki litobolewe, basi. Injini ikizunguka polepole, hewa ya nje hurudi ndani ya ekzosi kati ya pigo na pigo, namba ikaonyesha mafuta machache kuliko yalivyo. Moshi nao unafika umechelewa, na masega (katalitiki, kisafisha moshi) yakiwepo yanavuruga zaidi. Ukilazimika kukitumia, kisukume ndani nusu mita au zaidi, na namba za RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ya chini usizijengee ramani, yaani jedwali la kiasi cha mafuta.

Sensa ya kwako inataka nati ya M18x1.5. Kwa injini ya tabo (tabochaja) ichomelee kwenye bomba la baada ya tabo. Isiyo na tabo, angalau sentimita 45 kutoka kichwa cha silinda. Kote kuwili, kabla ya masega. Ukiiweka kabla ya tabo, presha ya ekzosi inapotosha namba na joto linavuka kiwango: LSU 4.9 imetengenezewa gesi isiyozidi 930°C kwa kazi ya mfululizo. Mkia wa sensa uinuke walau digrii 10 juu ya ulalo ili maji yasikae kwenye ncha. Ncha hiyo ni kauri inayopashwa hadi karibu 780°C. Tone moja tu la maji linaweza kuipasua. Kaza kwa Nm 40 hadi 60. Silikoni ya gaskiti isiyoandikwa kuwa ni salama kwa sensa iache dukani, na petroli ya mashindano yenye risasi itaiua sensa taratibu.

Kabla ya kupandisha gari kwenye roli, ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kizito injini ikinguruma bila kukanyagwa, usikilize. Ukisikia "tss" popote kabla ya sensa, ziba kwanza hapo. Tundu dogo la gaskiti ya manifoldi linaingiza hewa, nawe utamwaga mafuta kwenye ramani kutibu ugonjwa ambao haupo.

Sasa umeme, ambako ndiko wengi wanakosea. Geji inatoa volti kwenda kwenye kontrolboksi (kompyuta ya injini): 0.5V ni AFR (uwiano wa hewa kwa mafuta) 8.5, na 4.5V ni 18. Kanuni ya kuingiza kwenye programu ni AFR = volti × 2.375 + 7.3125. Ina maana kila 0.1V inayopotea au kuongezeka njiani ni kosa la AFR 0.24. Hita ya sensa inakula umeme mwingi, na ikishiriki waya mwembamba wa hasi na mawimbi ya geji (volti inayobeba namba), kosa hilo linapatikana bure.

Pima hivi: injini ikiwa imewaka, taa kubwa na feni zikiwa zimewashwa, weka multimita kati ya pini ya kuingilia kwenye kontrolboksi na hasi ya sensa za kontrolboksi hiyo hiyo. Geji ikisoma 14.7, multimita isome 3.11V. Ikisoma 3.20V, kontrolboksi inadhani ni 14.9. Hasi ya umeme ipeleke kwenye bloku ya injini, na hasi ya mawimbi kwenye hasi ya sensa za kontrolboksi. Kontrolboksi ikipokea CAN (mtandao wa data wa gari), achana na volti kabisa; namba inapita kama data na tatizo hili linakufa. Kwangu CAN ndiyo sababu kubwa ya kununua geji hii.

Kwenye daino tumia gia iliyo karibu na 1:1, mara nyingi ya 4. Mimi nafanya kazi kwa lambda (AFR ukiigawanya kwa uwiano kamili wa mafuta husika), si AFR. Petroli ikiwa na ethanoli 10%, uwiano wake kamili ni kama 14.1, lakini geji iliyopangwa kwa petroli bado itaandika 14.7. Lambda 1.00 haijali ni mafuta gani. Kwa tabo nalenga karibu 0.80 (11.8), kwa isiyo na tabo 0.86 hadi 0.88. Ukipata 12.6 na lengo ni 11.8, gawanya: 12.6 ÷ 11.8 = 1.068, yaani ongeza mafuta 6.8% kwenye seli hiyo (kisanduku kimoja cha ramani). Seli hiyo, si ya jirani: injini ikipanda kutoka 3,000 hadi 6,500 kwa sekunde 8, namba ikichelewa sekunde 0.3 inakusogeza RPM 130 hivi.

Mtego mkubwa ni kumisi. Silinda isipowaka, oksijeni yake inatoka nzima, na geji inaruka hadi 16 au 17 kana kwamba mafuta yamekwisha. Ukiongeza mafuta inazidi kumisi. Tazama mchoro wa torki (nguvu ya kuzungusha) wa daino: ukikatika ghafla pamoja na kuruka huko, angalia plagi na koili, na punguza mwanya wa plagi hadi karibu milimita 0.7 kama kuna presha ya tabo. Namba ikipanda polepole kadiri RPM inavyopanda, hapo washuku pampu na chujio. Presha ya mafuta inatakiwa ipande sawa na ya tabo: bar 3 za mwanzo na bar 1 ya tabo ni bar 4. Na nozeli (inayonyunyiza mafuta) ikifanya kazi zaidi ya 85% ya muda wake, ramani haitakusaidia.

Kwa walio Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari: marekebisho ya SAE (kanuni ya daino ya kufidia hewa nyepesi) yanaipamba injini ya tabo nguvu isiyo nayo, kwa kuwa tabo imeshafidia sehemu ya hewa pungufu. Linganisha namba ambazo hazijarekebishwa.

Kasoro? Geji haina kumbukumbu yake, kwa hiyo bila kontrolboksi inayorekodi unabaki kutumbua macho. Sensa nayo ni kifaa cha kuchakaa, na feki zimejaa sokoni. Ya Bosch ninayoagiza ni 0 258 017 025. Usiiache kwenye ekzosi bila umeme injini ikiwaka, masizi yataiziba. Kama geji ni ya kuhama gari hadi gari, chomoa sensa na uzibe tundu kwa bolti ya M18x1.5.